Unacheza Gemu Gani? Tuseme na Bei Yake

(Mazungumzo haya yalitolewa katika kikao cha vijana wa jumuiya yetu baada ya sala ya Taraweh. Kabla yake vijana kadhaa walisimama mmoja mmoja, wakaeleza gemu wanazocheza na maoni yao juu yake.)



Mwenyekiti wa jumuiya, walimu wetu, wazee mliokuja kutusikiliza, ndugu zangu na dada zangu. Kwanza nawashukuru walionitangulia kusema. Wallahi nimefurahi. Mara nyingi tukiitwa kwenye kikao kama hiki huwa twajua mapema tutakayoambiwa: acheni gemu, gemu ni balaa, kwisha. Tunaitikia, tunanyanyuka, na tukifika nje ya geti mmoja anamuuliza mwenzake, "Basi kesho saa ngapi?" Leo mambo yamekuwa tofauti, manake Mwenyekiti aliuliza swali ambalo sisi huwa hatuulizwi: "Unacheza gemu gani sasa hivi, na unaionaje?" Na watu wakasema.

Mimi sikusimama hapa kutoa fatwa. Wenye elimu hiyo wameketi mbele yangu, na mwenye swali la halali na haramu awaulize wao. Mimi pia nacheza. Ninachotaka ni kurudi kwenye yale mliyoyasema, kwa sababu nilikuwa nikiandika kwenye daftari, na nimeona jambo moja. Kila aliyesimama ameeleza utamu wa gemu yake vizuri sana: picha zake, sauti zake, ushindani, marafiki. Lakini bei yake karibu nyote mmeiruka. Na nikisema bei sina maana ya ile iliyoandikwa dukani peke yake. Nina maana ya pesa, na saa, na usingizi. Mtu akikusifia viatu vyake vipya, swali la kwanza ni "Umevinunua ngapi?" Sasa mbona gemu hatuulizani?

Hilo ndilo neno langu la leo. Tukiulizana maoni juu ya gemu, tuseme utamu, na tuseme na bei.

Mpira wa pakiti

Tuanze na mpira, manake ndio ulioongoza. Ndugu yetu wa kwanza alisema yeye anacheza EA Sports FC. Hajamaliza, mwingine akamkatiza kwamba mpira wa kweli uko kwenye eFootball, kule kwingine wachezaji wanakimbia kama pikipiki. Ukumbi ukagawanyika mara mbili utadhani ni siku ya Gor na Leopards.

Wadogo huenda hawajui historia yake. Gemu ya kwanza ya FIFA ilitoka mwaka 1993. Jina hilo likaendelea mpaka FIFA 23, halafu kampuni ya EA na shirikisho la FIFA wakaachana, na toleo la mwaka 2023 likaitwa EA Sports FC 24. Ile ya Konami, ambayo kaka zetu waliijua kwa jina la PES, iligeuzwa eFootball mwaka 2021 na ikawa ya kupakua bure.

Sasa sikilizeni. Kuna mpira wa aina mbili ndani ya gemu hizi. Wa kwanza ni ule wa kibanda cha PlayStation mtaani: watu wawili, pedi mbili, mnalipa shilingi ishirini au kiasi chochote mtaa wenu ulichokubaliana, anayefungwa anampisha mwingine. Mechi ina mwanzo na ina mwisho, na mwenye kibanda akikuambia muda umekwisha, umekwisha. Mpira huu sina maneno nao mengi.

Mpira wa pili ni ule wa kujenga timu yako mwenyewe, unaoitwa Ultimate Team, ambao EA waliuingiza katika FIFA mwaka 2009. Hapo unapata wachezaji kwa kufungua pakiti. Pakiti waweza kuipata kwa kucheza sana, au waweza kuinunua kwa pesa. Lakini huchagui aliyemo ndani. Unalipa kwanza, halafu unafungua, na unaweza kumkuta nyota au ukamkuta beki wa akiba usiyemjua hata jina.

Hebu tufanye hesabu, manake wengine mnadhani hesabu za shule hazina kazi. Tuseme nafasi ya kumpata nyota unayemtaka ni moja katika mia. Huu ni mfano wangu tu. Kijana atajiambia, "Basi nikifungua pakiti mia moja, lazima nimpate." Si kweli! Kila pakiti inaanza hesabu upya, haikumbuki ile uliyofungua kabla yake. Ukizidisha 0.99 mara mia moja, jibu ni kama 0.37. Maana yake, katika kila vijana mia watakaofungua pakiti mia mia, kama thelathini na saba wataondoka mikono mitupu. Wamelipa mara mia, na hawana kitu. Na hata yule aliyempata asifurahi sana, kwa sababu toleo jipya likitoka mwaka unaofuata, wachezaji wako hawahami nawe. Unaanza moja.

Jambo hili limezishughulisha hata serikali za wenzetu. Mwezi wa Aprili 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilisema kwamba masanduku ya bahati yanayonunuliwa kwa pesa, yakiwemo ya FIFA 18, yanaingia katika sheria ya kamari ya nchi ile. EA ikabishana, lakini mwanzoni mwa mwaka 2019 ikaacha kuuza huko zile pointi za kununulia pakiti. Uholanzi nako EA ilitozwa faini ya yuro milioni 10, na mahakama moja ikaikubali mwaka 2020, kisha mahakama ya juu ikaifuta mwezi wa Machi 2022 na kusema hiyo haikuwa kamari kwa sheria yao. Nimewaletea pande zote mbili makusudi, ili mtu asiseme nimechukua ule unaonifaa tu. Wanasheria hawajakubaliana. Lakini wewe kijana, ukiona mahakama za Ulaya zinavutana miaka juu ya kitufe kimoja, huwezi kukibonyeza kama unayefungua mfereji wa maji.

Ya bure, na nauli ya wiki

Baada ya mpira alisimama mdogo wetu wa kidato cha pili. Yeye anacheza Free Fire, na sababu yake ni nzuri: hata simu ya bei ya chini inaicheza. Hiyo ni kweli, na ndiyo iliyoieneza. Gemu hii ya kampuni ya Garena ilitoka mwaka 2017. Watu 50 wanaangushwa katika kisiwa kimoja, wanatafuta silaha, eneo linazidi kufinyika, na anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Wenzake wanaocheza PUBG na Fortnite wanajua mtindo ni ule ule, ila huko watu ni 100. Raundi ya Free Fire haifiki mbali, dakika kumi hivi. Tena ni ya bure kuipakua.

Halafu akasema jambo ambalo ninyi mlilicheka. Alisema wiki ile mama yake alimpa nauli ya siku tano, na siku ya Jumanne akawa tayari anakwenda shule kwa miguu, kwa sababu nauli imegeuka almasi za kununulia mavazi ya mchezaji wake. Mkacheka sana. Mimi nilikuwa nikimtazama, yeye hakucheka.

Ndugu zangu, mimi namshukuru kijana huyu, manake katika wote waliosimama yeye peke yake ndiye aliyetaja bei. Na tusimlaumu peke yake kana kwamba ni mjinga. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ile gemu imeundwa na watu wazima waliosoma. Wewe unalipa kwa shilingi, lakini ndani ya gemu hakuna shilingi. Kuna almasi, na kwingine kuna V-Bucks, na kwingine UC, na kwingine pointi. Kwa nini wasiandike tu kwamba shati hili la mchezaji wako ni shilingi mia tano? Kwa sababu ukisoma shilingi mia tano utakumbuka unga, utakumbuka nauli, utamkumbuka mama. Ukisoma almasi hukumbuki kitu. Halafu zinauzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei za vitu, kwa hivyo kila mara unabakiwa na almasi kidogo zisizotosha, nazo zinakuita ukanunue nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba hiyo hiyo hukimaliza.

Na msidhani natunga. Mwezi wa Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 ili kumaliza mashtaka ya tume ya biashara ya Marekani. Milioni 275 zilikuwa za kuvunja sheria ya siri za watoto, na milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia watu waliotozwa pesa kwa vitufe vilivyopangwa kwa namna ya kumfanya mtu anunue bila kukusudia. Sasa kama watoto wa Marekani, ambao wana tume ya kuwatetea, wamenaswa, wewe mwenye nauli ya siku tano unajiona una ujanja gani?

Maisha matano

Dada yetu mmoja upande ule alisema yeye gemu za vita hazimhusu, anacheza Candy Crush tu, tena akiwa kwenye matatu au anaposubiri wali uive. Maoni yake yalikuwa kwamba ile ni ya kupumzisha akili na haina madhara. Mimi namkubalia nusu.

Candy Crush ilitoka mwaka 2012. Inakupa maisha matano. Ukishindwa hatua, unapoteza moja, na moja hurudi baada ya dakika thelathini. Fikirini hapo. Mtu angedhani kampuni inataka ucheze mfululizo. Mbona basi inakufungia mlango? Inakufungia ili uubishe. Unapoketi kusubiri zile dakika thelathini, gemu umeiweka chini lakini iko kichwani. Unasali, na ile hatua iko kichwani. Na pale mlangoni kuna kitufe kinachokuambia: usisubiri, lipa kidogo uingie sasa. Kwa hivyo dada yangu, gemu ni ya kupumzisha, sawa. Lakini jiulize wewe ndiye unayeichukua unapotaka kupumzika, au ni yenyewe inayokuita? Ikikuita, hapo kazi imebadilika.

"Mimi nacheza kwa ajili ya magari tu"

Tukaja kwenye GTA. Hapa wakubwa wakaanza kuangalia chini. Mmoja wenu, mwanafunzi mwenzangu wa chuo, alisimama kwa ushujaa akasema anaicheza tangu San Andreas iliyotoka mwaka 2004, na sasa anacheza ile ya tano, na kwamba yeye anapenda magari na uhuru wa kuzunguka mji, yale mengine hayamshughulishi.

Hiyo ya tano ilitoka Septemba 2013 na imeuzwa zaidi ya nakala milioni 200, kwa hivyo mwenzetu hayuko peke yake. Na kama ufundi, ni kazi kubwa, tusiseme uongo. Mji mzima umejengwa, barabara, mwanga wa jioni, redio ndani ya gari. Lakini kwenye kasha lake Ulaya wameandika 18. Waliobandika namba hiyo si masheikh wala si wazazi wetu wa Kiislamu. Ni bodi yao wenyewe ya kupima umri, na imesema asiyefika miaka kumi na minane asiicheze, kwa sababu ya mauaji, matusi na mambo ya uchafu yaliyomo.

Sasa mimi sitabishana nawe wewe mwenye miaka ishirini na mbili, hesabu yako utaifanya mwenyewe. Swali langu ni moja: unapoicheza pale sebuleni, nani ameketi kwenye mkeka nyuma yako? Manake wewe unaangalia magari. Mdogo wako wa miaka minane anaangalia kila kitu. Tena ukitoka kwenda msikitini, pedi unaiacha wapi?

Hiyo nayo ni bei, na anailipa mtu mwingine.

Nyingine zina faida yake

Isionekane kwamba nimekuja kuponda tu. Binti mdogo kuliko wote aliyesema leo alitwambia anacheza Minecraft kwenye simu ya baba yake, na amejenga shule yenye maktaba kubwa kuliko ya shule yake. Mlimpigia makofi, na alistahili.

Minecraft ilikamilika na kutoka rasmi Novemba 2011, na kufikia 2023 ilikuwa imeuzwa zaidi ya nakala milioni 300. Ni matofali tu, unajenga unachotaka. Lakini kuna habari moja inayotuhusu sisi Wakenya. Shirika la UN-Habitat, lenye makao yake makuu Gigiri, Nairobi, lilishirikiana na watengenezaji wa gemu hii kuanzia mwaka 2012 katika mpango unaoitwa Block by Block, na moja ya sehemu za mwanzo kabisa ilikuwa Kibera. Wazo lilikuwa hivi: ukimletea mwananchi mchoro wa msanifu majengo, wengi hawausomi. Lakini ukimjengea uwanja wake ndani ya Minecraft, hata mtoto anaweza kusema taa iwekwe hapa, njia ipite pale, hapa pana giza pananitisha. Kwa hivyo gemu ile ile anayochezea binti yetu imewahi kukaa mezani pamoja na watu wa mipango ya miji.

Mwingine akataja Assassin's Creed Mirage ya mwaka 2023, ambayo ndani yake unatembea katika Baghdad ya karne ya tisa, zama za Abbasiya, na unaweza kuingia Baytul Hikma. Ina sauti za Kiarabu na kurasa za historia ya mji ule. Mwenzetu alisema baada ya kuicheza alikwenda kutafuta vitabu juu ya Khalifa al-Ma'mun. Basi hayo ndiyo maoni ninayoyapenda, maoni yanayokutoa kwenye gemu yakakupeleka maktaba. Ila tusisahau mhusika wake ni muuaji wa kuvizia, na gemu yenyewe si ya watoto. Utamu na bei, vyote viwili.

Na wako vijana wa hapa hapa walioacha kucheza tu wakaanza kutengeneza. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, wakati ambapo wengi wetu hatukudhani gemu yaweza kutoka Kenya. Andrew Kaggia akatoa Nairobi X mwaka 2015, mji wetu ukivamiwa na viumbe kutoka angani. Na katika ushindani, Sylvia Gathoni, wanaomwita QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya nje kwa ustadi wake wa Tekken. Nawataja ili tujue mlango upo. Lakini tusijidanganye pia: wanaopita mlango huo ni wachache, na waliopita walifanya kazi. Kijana anayelala saa kumi za alfajiri na kusema "nafanya mazoezi ya kuwa profeshono" atuonyeshe ratiba yake kwanza.

Maoni yana nguvu

Pengine mtu atasema, "Ustadh mdogo, sisi ni nani hata maoni yetu yashughulishe kampuni kubwa?" Ngoja nikupe mifano mitatu.

Mwaka 2008 gemu ya Sony iitwayo LittleBigPlanet ilikuwa tayari kuingia dukani. Mchezaji mmoja Muislamu akasikia ndani ya wimbo wake mmoja maneno yanayotoka katika Qur'ani, akaandika kwa adabu kueleza kwamba kuyachanganya na muziki kunaumiza. Sony ikaahirisha gemu dunia nzima na kuuondoa uimbaji ule. Mwaka 2021, katika Call of Duty: Vanguard, wachezaji walikuta kurasa za Qur'ani zimetupwa sakafuni katika sehemu moja. Wakasema, na Activision ikaomba radhi na kuziondoa.

Na mfano wa tatu hauhusu dini hata kidogo. Novemba 2017 wachezaji wa Star Wars Battlefront II walipiga hesabu wakaona kumfungua shujaa mmoja tu, ambaye mtu ameshailipia gemu nzima, kungehitaji kama saa arobaini za kucheza. La sivyo ununue masanduku ya bahati. Wakaja juu. EA ikajibu kwamba inataka wachezaji waone fahari ya kufanikiwa, na jibu hilo likapata kura za kupinga zaidi ya 600,000. Siku chache tu, kampuni ikasimamisha mauzo ya pesa ndani ya gemu ile. Kilichowashinda ni hesabu. Wachezaji hawakusema tu "gemu mbovu". Walisema: shujaa mmoja, saa arobaini. Wakataja bei.

Umeona basi? Maoni yenye namba yanasikika hata ng'ambo. Kwa nini yasisikike baina yetu?

Tuulizane hivi

Kwa hivyo napendekeza, tukikutana tena na Mwenyekiti akauliza lile swali lake, kila mmoja ajibu na haya manne.

Kwanza, gemu yako ina mwisho? Nyoka wa simu ya Nokia, ambaye wazee wetu walimcheza tangu mwaka 1997, alikuwa akijiuma mkia mambo yamekwisha, unaweka simu mfukoni. Gemu nyingi za leo hazijiumi mkia. Kama yako haina mwisho, basi mwisho uuweke wewe kabla hujaanza.

Pili, mwezi uliopita imekula shilingi ngapi, pamoja na bando? Ukiona haya kuitaja namba mbele ya watu, hapo pana jambo.

Tatu, ukiiacha wiki moja utapoteza nini ndani yake? Kama kuna zawadi ya kila siku inayokatika usipoingia, au msimu unaokwisha kabla hujapata ulichokilipia, jua hiyo ni kamba, na imefungwa makusudi.

Nne, imechukua nafasi ya nini? Saa haziongezeki. Aliyecheza saa tatu, hizo tatu alizitoa mahali: kwenye kitabu, kwenye usingizi, kwenye kukaa na mama yake.

Na hapa niseme neno kwa wazee, kwa heshima zote. Shirika la Afya Duniani liliyakubali mwaka 2019 maradhi ya gemu kuwa ni maradhi yanayotambuliwa, na orodha hiyo ikaanza kutumika Januari 2022. Lakini masharti yake ni mazito: mtu ashindwe kujizuia, gemu iyatangulie mambo yote mengine, na aendelee hata baada ya kuona madhara, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi kumi na miwili. Kwa hivyo si kila kijana mwenye simu mkononi ni mgonjwa. Kumwita mwanao mraibu kwa sababu alichelewa kuja kufuturu siku moja hakumsaidii, kunamfunza kujificha. Lakini yule ambaye ameacha shule, ameacha marafiki, haogi, na mwaka umepita, huyo msimpigie kelele. Mpelekeni kwa daktari.

La mwisho ni juu ya usiku wa mwezi huu. Sote twajua kilichopo baina ya Taraweh na daku. Tunatoka msikitini kama saa tatu na nusu usiku, daku ni saa kumi, na katikati hapo mtu anajiambia hakuna haja ya kulala, nacheza raundi moja ya mwisho. Hebu tuzihesabu: ni saa sita na nusu. Kwa raundi za dakika kumi, ni raundi thelathini na tisa za mwisho! Halafu mchana mzima unalala, ukiamshwa unanuna, na jioni unasema funga ya mwaka huu ni nyepesi. Itakosaje kuwa nyepesi na umeilala?

Sisemi mtu atupe simu baharini. Nasema leo usiku, kabla hujabonyeza, mwambie mwenzako namba: nacheza raundi mbili. Wawili mkijuana namba, mtaoneana haya kuizidisha. Na kwa yule mdogo wetu wa kidato cha pili, nimezungumza na baadhi ya wakubwa wanaotoka mtaa wake, na watamshika mkono mpaka Ijumaa. Ila kwa sharti moja, na nimemwambia mwenyewe: nauli atapewa kwa siku, na mama yake ataambiwa. Ataambiwa naye mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Amekubali. Kwa hivyo tusimcheke tena, manake aliyotufanyia leo ni makubwa kuliko haya niliyoyasema mimi.

Mola atukubalie funga zetu na aziweke baraka saa zetu.